Tone Lenye Wakazi

Kaimati nzuri haina mkia. Hayo nilifundishwa na shangazi yangu wa Tanga, ambaye kila Ramadhani baada ya alasiri alikuwa akikaa kwenye kigoda mbele ya karai la mafuta, bakuli la unga likiwa pembeni limefunikwa kitambaa. Alichota unga kwa mkono, akaufumba, unga ukachomoza kati ya kidole gumba na cha shahada, akaukata kwa kidole kilicholowa maji, ukadondoka. Tone lilizama kidogo, likaibuka mviringo kama gololi. Siku niliyojaribu mimi, karai lilijaa viluwiluwi: kila kaimati ilikuwa na kichwa na mkia. Nikasingizia moto.

"Usiusingizie moto, mwanangu," alisema bila kuinua macho. "Unga wako mzito, na mkono umeuweka karibu mno na mafuta. Tone halijajikusanya, limeshaiva."

Miaka mingi baadaye nilikutana na maneno yake mahali ambapo sikuyatarajia, katika maelekezo ya maabara ya kufungia seli shina ndani ya shanga za jeli ili baadaye zioteshe mfupa. Tone likiwa zito kupita kiasi, au ncha ya sindano ikikaribia mno beseni, shanga hutoka na mikia. Nilicheka peke yangu. Tangu hapo nimekuwa nikiifuatilia kazi hii kama mtoto anayesimama mlangoni kwa seremala: hana pesa ya kununua kitanda, hana mpango wa kuwa seremala, ila macho yamenasa kwenye randa.

Mfupa wenyewe ni fundi hodari. Ngozi ikikatika sana huacha kovu. Kipande cha moyo kikifa, kovu ndilo huziba pengo. Mfupa ukivunjika ukatulizwa, damu iliyoganda hupisha tishu laini, tishu laini hupisha gegedu, gegedu hupisha mfupa wa haraka usio na mpangilio, kisha kwa miezi na pengine miaka huchongwa kutoka ndani mpaka usijue ulivunjikia wapi. Hogo analofungwa mgonjwa haliungi kitu. Linatuliza tu, kama walivyotuliza wazee waunga mifupa kwa vijiti na vitambaa. Kazi ya kuunga wanaiachia mwenye nayo.

Shida ni pengo. Kuna ajali, na sisi wa miji ya bodaboda hatuhitaji kuelezwa, ambapo kipande cha mfupa kinapondeka au kinabaki barabarani. Kuna uvimbe unaolazimu daktari akate sehemu nzima. Kuna usaha ulioula mfupa. Kingo mbili zikiachana kupita kiasi, mfupa hauruki. Kila upande huziba mdomo wake na katikati hujaa kovu. Dawa inayoaminika zaidi hadi leo ni kuchukua mfupa wa mgonjwa mwenyewe, mara nyingi ukingo wa nyonga, na kuujaza pale. Inafanya kazi, lakini unalipa kidonda kimoja kwa kutengeneza kidonda cha pili, na nyonga si ghala lisiloisha. Njia nyingine ni ya Gavriil Ilizarov, daktari wa Kurgan kule Siberia, aliyefunga mifupa kwa pete za chuma na spoku, akaukata mfupa mzima kwa makusudi, kisha akauvuta milimita 1 kwa siku, robo robo mara nne. Mfupa mpya huota katika ufa unaofunguka. Pengo la sentimita 6 ni siku 60 za kuvuta, kabla hujaanza kuhesabu miezi ya kukomaa. Namheshimu sana Ilizarov. Alijua kwamba mfupa haukimbizwi.

Njia ya tatu ndiyo yangu leo: peleka mafundi pale penye pengo. Chukua seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za kujenga mfupa, zizidishe, zipande. Kwa maneno ni rahisi. Kwa vitendo, seli ukizimwaga kwenye jeraha kama maji hutawanyika na damu, nyingine hufa kwa kukosa pa kushika, nyingine huangukia mahali pasipo na hewa. Ni kama kushusha mafundi ujenzi 100 katikati ya bahari ukitegemea kurudi kuona ghorofa. Kabla ya kazi yoyote wanahitaji chumba, na ugumu wote uko hapo, maana chumba hicho lazima kiwafunge bila kuwaziba pumzi.

Wavuvi wetu wamelijibu swali hilo zamani. Dema linamfunga samaki lakini halifungi maji. Ukubwa wa tundu ndio akili yote ya dema: dagaa wanapita, changu anabaki. Mwaka 1966, Alexander Friedenstein na wenzake wa Moscow walichapisha kazi waliyoifanya kwa dema dogo sana. Walichukua seli za uboho wa panya, wakazitia katika vijichumba vyenye kuta za utando ambao ulipitisha chakula na hewa bila kupitisha seli, wakavipandikiza ndani ya miili ya panya wengine. Walipovifungua, ndani palikuwa na mfupa. Hakuna seli ya nje iliyoweza kuingia, kwa hiyo mfupa ule haukuwa na baba mwingine ila seli zilizofungiwa. Miaka ya baadaye Friedenstein alionyesha kwamba miongoni mwa seli za uboho kuna chache mno zenye kipaji hicho, zinazoshika chini ya kisahani na kuzaana kwa vikundi. Uchache wake ni wa kutisha: mara nyingi hutajwa seli 1 kati ya 10,000 hadi 100,000. Arnold Caplan wa Cleveland alizipa mwaka 1991 jina lililoenea la seli shina za mesenkaima, na baadaye mwenyewe akaomba jina libadilishwe kwa sababu alihisi limeahidi mengi kuliko mapato. Wanasayansi wanaoomba radhi kwa majina waliyoyatunga si wengi.

Kwa hiyo mfupa wa kufungiwa ulikuja mapema, kabla ya shanga. Shanga zilitoka upande mwingine. Thomas Chang, akiwa bado mwanafunzi wa McGill kule Montreal mwaka 1957, alitengeneza katika chumba chake cha bweni vijifuko vyembamba vya kuiga seli. Mwaka 1980 Franklin Lim na Anthony Sun wakafungia ndani ya matone ya alginati zile seli za kongosho zitoazo insulini, wakawapandikizia panya wenye kisukari, na sukari yao ikatulia kwa wiki 2 hadi 3. Leo mtu anayefungia seli za mfupa anafanya, kwa marekebisho, kile walichofanya hao wawili.

Alginati ni mwani. Mtu wa pwani akisikia mwani ataona Paje na Jambiani, wanawake wakiingia baharini maji yakipwa, wakifunga vipande kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi. Mwani ule ni wa jamii nyekundu na hutoa karagini, inayoingia kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Alginati hutoka kwa binamu yake wa kahawia, anayependa maji baridi ya Norwe, Uskoti na Chile; Edward Stanford, mkemia aliyefanya kazi Uskoti, aliitenga na kuiwekea hataza mwaka 1881. Kama umewahi kung'atishwa uji wa baridi kwa daktari wa meno ili achukue umbo la kinywa chako, umeshaonja alginati.

Ukiyeyusha alginati ya sodiamu katika maji unapata uteute, kama bamia iliyopikwa na mtu asiye na haraka. Ukidondosha uteute huo katika maji yenye kalsiamu, tone hugeuka jeli papo hapo, kuanzia ngozi kuelekea moyoni. Sababu iko katika umbo la nyuzi zake. Kila uzi umefumwa kwa sukari mbili zinazopokezana kwa mafungu, na fungu la aina moja, guluronati, limepinda kiasi cha kuacha vishimo. Nyuzi mbili zikikaa uso kwa uso, vishimo hukutana, na chembe ya kalsiamu hukaa humo kama yai kwenye trei. Wanakemia wenyewe wameuita muundo huo trei ya mayai tangu 1973, na sijaona jina la kisayansi linaloeleweka haraka zaidi sokoni Kariakoo. Mayai yakijaa, trei zinashikana. Ukitaka kuzitenganisha, unaleta sitreti ya sodiamu inayopenda kalsiamu kuliko trei inavyoipenda. Mayai yanaondoka, jeli inakuwa maji tena, na seli zinatoka zikiwa hai. Chumba kina mlango, na ufunguo wake ni chumvi.

Hata mwani wenyewe una maoni juu ya ubora wa chumba. Katika mwani mkubwa wa Norwe, shina linalosimama dhidi ya mawimbi lina guluronati nyingi kuliko majani yanayoyumba. Anayetaka shanga ngumu anatafuta alginati ya shina. Anayetaka laini anakubali ya jani. Kisha lazima aisafishe, maana masalia ya protini na sumu za bakteria yaliyobaki yataamsha kinga ya mwili, na shanga zitazungushiwa kovu kabla hazijafanya lolote. Fundi anayenunua alginati ya bei rahisi ya viwanda vya chakula akaitumia moja kwa moja hana tofauti na anayejenga kwa mchanga wa chumvi.

Sasa twende mezani, taratibu.

Seli zimekua chini ya chupa kwa siku kadhaa katika kabati la nyuzijoto 37, zimetandaa kama majani ya muarobaini yaliyoanguka sakafuni. Zinabanduliwa kwa kimeng'enya, zinazungushwa kwenye mashine mpaka zitue chini kama tone la maziwa mgando, kisha zinachanganywa na alginati ya asilimia 1 hadi 2. Kuchanganya huku kuna adabu yake. Ukikoroga kwa pupa unaingiza mapovu, na povu likiingia kwenye shanga shanga inaelea. Ukisukuma kwa nguvu kwenye sindano nyembamba, seli zinachubuka na kufa. Mchanganyiko unaingia kwenye bomba la sindano, bomba linakaa kwenye pampu inayosukuma polepole kuliko mkono wa mtu yeyote.

Tone lililoachwa lianguke kwa uzito wake ni kubwa mno, milimita 2 au 3. Hapa ndipo ninapokipenda sana kifaa kimoja: unaunganisha umeme wa volti elfu kadhaa kati ya sindano na beseni, na umeme unalivuta tone kabla halijanenepa. Badala ya kudondoka, ncha ya sindano inatoa msururu wa vitone vidogo visivyoonekana vizuri kwa macho, vya milimita 0.2 hadi 0.5. Fundi anazungusha kitufe, anapachika kisahani chini ya hadubini, anatazama, anarudi kukizungusha. Volti ikipungua, shanga zinanenepa. Ikizidi, zinatapakaa kwa ukubwa tofauti tofauti. Umbali wa sindano, unene wa alginati, kasi ya pampu na volti vinashikana mikono. Ukigusa kimoja umegusa vyote. Shangazi hakuwa na volti, lakini alikuwa akibadilisha urefu wa mkono wake kwa kila bakuli jipya la unga, na hakuna siku niliyomwona akipima.

Shanga zinakaa kwenye kalsiamu kwa dakika chache, tano au kumi. Zaidi ya hapo kalsiamu nyingi inaanza kuzidhuru seli zenyewe. Kisha zinaoshwa, na hapa mgeni wa kazi huumbuka: akiziosha kwa yale maji ya fosfati ambayo maabara zote huyatumia kwa kila kitu, fosfati inaipokonya trei mayai yake na shanga zinalegea mikononi. Wanaojua huosha kwa maji ya chumvi yasiyo na fosfati, yenye kalsiamu kidogo. Hili ni jambo dogo la kwenye sinki, ila ndilo linalomtenga fundi na aliyesoma tu.

Kwa wengine kazi haijaisha. Lim na Sun walizivika shanga zao koti la pili la polilisini, kama kaimati inavyorushwa kwenye shira, ili tundu za dema ziwe ndogo zaidi na kingamwili zisipite. Kwa kongosho hilo lina maana, kwa sababu seli zitabaki ndani maisha yote. Kwa mfupa, koti hilo mara nyingi huachwa. Wapangaji hawa hawajaja kukaa.

Chukua shanga moja ya milimita 0.4. Ukiwa umeweka seli milioni 1 kwa mililita, ndani ya shanga hiyo kuna wakazi wapatao 33. Mililita moja ya alginati inatoa shanga kama 30,000 za namna hiyo. Kwa nini ujisumbue na udogo wote huo, badala ya kumwaga donge moja kubwa la jeli? Kwa sababu ya pumzi. Oksijeni ikitoka kwenye mshipa mwembamba wa damu husafiri ndani ya tishu kiasi cha mikromita 100 hadi 200, kisha huisha njiani. Katikati ya donge kubwa hufa njaa, wakati ukingoni watu wanakula. Shanga ndogo haina katikati ya kufia.

Baada ya chumba kuja samani. Alginati ina sifa ambayo mwanzoni ilionekana baraka: seli hazishikamani nayo. Mwani haufahamiani na seli za mnyama. Seli shina ikifungiwa humo inajikunja mviringo, hai lakini bubu, kama mgeni aliyekaribishwa kwenye chumba kisicho na kiti wala mkeka. Na seli ya mfupa haifanyi kazi bila kushika kitu. Mwaka 1984 Michael Pierschbacher na Erkki Ruoslahti, California, waligundua kwamba protini kubwa ambazo seli hushikilia zina sehemu ndogo mno ya kushikia, asidi amino tatu tu mfululizo. Mwaka 1999 Jon Rowley na David Mooney, wakiwa Michigan, walieleza namna ya kupachika vishikio hivyo kwenye nyuzi za alginati. Mwani ukaota mikono.

Kisha likaja swali la ugumu wa kuta, na hili mimi huwasimulia hata wasioniuliza. Mwaka 2010 kundi la Mooney, sasa likiwa Harvard, lilifungia seli shina katika alginati za ugumu tofauti. Katika jeli laini sana nyingi zilielekea kuwa seli za mafuta. Katika jeli ya kilopaskali 11 hadi 30, zilielekea kuwa za mfupa. Jeli ikiwa ngumu zaidi ya hapo, mwelekeo wa mfupa ulipungua. Kilopaskali 11 hadi 30 si ugumu wa mfupa, wala haukaribii. Ni kitu unachoweza kukibonyeza kwa kidole. Seli ile haitafuti mfupa uliokwisha kujengwa. Inatafuta ukuta unaokubali kuvutwa kidogo na kukataa kidogo. Walipochungulia zaidi waliona seli zikivivuta vile vishikio na kuvikusanya karibu karibu, na kwamba kazi hiyo ya kuvuta ndiyo inayoamua watakuwa nani. Jeli laini mno haina cha kukuvutia. Jeli ngumu mno haikubali. Mtu aliyewahi kukanda chapati anaujua mpaka huo kwa viganja, ingawa hakuna aliyempa namba yake.

Halafu kuna kuondoka. Mwili wa mamalia hauna kimeng'enya cha kuvunja alginati, kwa hiyo jeli iliyotengenezwa vizuri mno inaweza kukaa tu, chumba kisichobomoka, na mfupa hauwezi kuota mahali ambapo tayari pamekaliwa. Hapa ufundi unageuka kinyume cha desturi ya mafundi wote niwajuao. Seremala hujisifu kwamba meza yake itadumu, lakini fundi huyu hujisifu kwamba shanga yake itakufa siku ifaayo. Wengine huiunguza alginati kidogo kwa kemikali kabla ya kuitumia, ili maji yenyewe yaweze kuikata. Wengine huichanganya na kimeng'enya kilichotolewa kwa bakteria wanaokula mwani, kipimo kidogo kilichopimwa, saa ya kutega iliyofungiwa ndani pamoja na wapangaji.

Hockin Xu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Maryland waliutumia ujanja huu mahali pagumu kuliko pote. Madaktari wana saruji ya kalsiamu fosfati, unga unaochanganywa na maji na kuganda mwilini ukawa madini yaleyale ya mfupa. Ni saruji ya kweli, inakandwa na kuwekwa penye pengo. Lakini seli hai ukizitia kwenye saruji mbichi umeziua, kwa kusagwa na kwa kemia ya kuganda. Wakazifungia kwanza kwenye shanga za alginati, wakazikanda shanga ndani ya saruji. Saruji ilipoganda, seli zilikuwa hai ndani ya zege, kila kikundi kwenye puto lake la mwani. Wakatengeneza tena shanga zinazoyeyuka ndani ya siku chache: shanga inapotoweka, inaacha seli zilizokombolewa pamoja na tundu kwenye zege, na tundu hilo ndilo mlango wa mishipa ya damu itakayokuja. Kifo cha shanga kinakuwa dirisha. Ningetamani kumwona aliyelifikiria hilo kwanza siku alipolifikiria.

Si wote wanaowaachia wapangaji watoke. Kule Houston, watafiti wa Baylor College of Medicine walifungia seli zilizobadilishwa ili zitoe protini iundayo mfupa, ile ambayo Marshall Urist wa Los Angeles aliifichua mwaka 1965 alipopandikiza mfupa ulioondolewa madini katikati ya msuli, na mfupa mpya ukaota msulini. Seli za Houston hazigeuki mfupa. Zimekaa ndani ya jeli ya aina nyingine, zinapaza sauti dirishani, na seli za mwili zilizo nje ndizo zinazoitikia na kujenga. Hii ni shule nyingine kabisa ya kazi. Mimi bado niko upande wa shanga inayotoweka, labda kwa sababu sipendi kelele.

Kungoja shanga zianze kujenga mfupa huchukua wiki 3 au 4. Shanga zinazokusudiwa kuanza ujenzi maabara hulishwa maji yenye deksamethasoni, vitamini C na gliserofosfati, yakibadilishwa kila baada ya siku mbili tatu, na kila kubadilisha ni nafasi ya kuingiza uchafu na kupoteza mwezi mzima. Mwanzoni shanga zinapitisha mwanga kama macho ya samaki mbichi. Kama mambo yanakwenda, zinaanza kuwa na ukungu, kisha weupe wa maziwa. Siku ya 21 nyingine zinakatwa na kutiwa rangi ya alizarini, ambayo hushika kalsiamu na kuwa nyekundu iliyoiva. Picha zake ni nzuri, na hapo ndipo wepesi hudanganyika. Gliserofosfati ikizidi, kalsiamu hutuama yenyewe hata juu ya seli zilizokufa, na rangi inakuwa nyekundu vilevile. Anayejali huangalia pia kama kolajeni imefumwa, kwa sababu mfupa bila kolajeni ni zege bila nondo. Na huangalia kama seli ni hai, kwa rangi mbili, kijani kwa walio hai na nyekundu kwa waliokufa. Kwa hiyo kwenye kisahani kimoja nyekundu ni habari njema, na kwenye cha jirani ni msiba.

Mengi ya haya bado yako kwa panya, sungura na kondoo. Jaribio la kawaida ni tundu la milimita 8 kwenye fuvu la panya, ambalo likiachwa halijifungi, likijazwa vizuri linaanza kuziba. Kutoka milimita 8 za panya hadi sentimita 8 za paja la dereva wa bodaboda ni safari ya mishipa ya damu zaidi kuliko ya seli, na hakuna aliyeimaliza. Wapo wanaouza sindano za seli shina kwa mamilioni huku wakiahidi magoti mapya. Wao nawaacha na dhamiri zao, maana bidhaa yao haina uhusiano na mtu anayekesha akizungusha kitufe cha volti ili shanga zilingane.

Kilichonimaliza ni kitu kingine. Siku moja nilitaka kujua seli za mfupa zinaishi vipi ndani ya mfupa wa kawaida, wangu na wako, nikachukua kitabu. Seli ya kujenga mfupa inapanga kolajeni kuzunguka mwili wake, inaikaza kwa madini, inaendelea, mpaka baadhi yao wanajizika ndani ya ukuta walioujenga wenyewe. Kila mmoja anabaki katika kijichumba chake, peke yake, ametoa vidole vyembamba kupitia mifereji myembamba kuliko unywele hadi kwa jirani, na kwa jirani wa jirani, hadi kwenye mshipa wa damu. Hao waliojifungia ndio wengi, zaidi ya asilimia 90 ya seli zote za mfupa wa mtu mzima, na wanaweza kuishi humo kwa miongo. Vyumba vyao vimejipanga duara kuzunguka mshipa, na duara zima, kutoka ukingo hadi ukingo, lina upana wa kama milimita 0.2. Nikarudi kwenye maelekezo ya shanga kuhakikisha. Kipimo cha chini kabisa ambacho kile kitufe cha umeme hutafutiwa ni hichohicho.